Nguzo ya Holme na kinyungu cha bibi

Naomba radhi kwa kimya. Zamu za usiku zimekuwa nyingi, na siku ya mapumziko nikiamka ni saa nane mchana, jua la huku lenyewe linakaribia kuaga.

Leo nimejilazimisha kukaa niandike kwa sababu ya mdogo wangu. Juma lililopita alinitumia ujumbe kwamba anataka fedha za vibarua wachimbe mfereji mkubwa katikati ya bonde letu, kile kinyungu cha bibi, ili maji yote yashuke mtoni, bonde likauke, apande maparachichi. Nimemwambia asubiri. Hakufurahi, na namwelewa, maana kila mtu Njombe siku hizi ni parachichi tu. Lakini mimi ninakoishi ni bonde lililokaushwa, tena kubwa kuliko mnavyoweza kufikiri, na kabla sijatuma hata senti naomba mnisikilize hadithi yake. Ni ndefu kidogo. Chemsheni chai.

Wengi mnajua niko Peterborough, mashariki ya Uingereza. Nilipofika mwishoni mwa 2004 kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya mboga. Basi dogo lilituchukua saa kumi na moja alfajiri, giza totoro, likatupeleka mashambani kufunga liki na viazi. (Aliyetuajiri alitukata nauli hata siku ambazo basi halikuja, lakini hayo niliyamaliza moyoni zamani.) Palipopambazuka ndipo nilipoiona nchi yenyewe. Hakuna kilima. Hakuna mti, au upo mmoja mbali kama mtu aliyesahauliwa. Udongo mweusi tii mpaka upeo wa macho, na mitaro imenyooka kama imepigwa rula. Siku moja nimeinama kwenye liki nikasikia injini, nikainua kichwa, nikaona boti inapita juu yangu. Kweli kabisa, juu yangu! Mto ulikuwa umeinuka kuliko shamba, umeshikiliwa na kingo za udongo pande zote mbili. Nikamuuliza Mreno tuliyekuwa naye, mbona mto uko juu? Akasema yeye amekuja kufunga liki tu.

Ilinichukua miaka kupata jibu.

Nchi hii inaitwa Fens. Ni kama kilomita za mraba 3,900, kutoka Cambridge mpaka Lincolnshire na ghuba iitwayo The Wash. Zamani sehemu kubwa ilikuwa kinamasi: matete, maziwa ya kina kifupi, na visiwa vya ardhi kavu ambako watu walijenga. Mji wa Ely, wenye kanisa kubwa linaloonekana kutoka mbali, ulikuwa kisiwa cha namna hiyo. Mtawa Bede aliandika katika karne ya 8 kwamba jina lake limetokana na wingi wa mikunga, wale samaki wembamba kama nyoka. Kodi ya ardhi ililipwa kwa mikunga, kwa maelfu. Watu walivua, walitega bata, walikata matete ya kuezekea, na walichimba udongo wa kinamasi wakaukausha kuwa kuni. Kiangazi maji yakipungua walishusha ng'ombe kula majani mabichi. Wengine walitembea juu ya miti mirefu kama wachezaji wa ngoma ili wavuke maji. Na malaria ilikuwepo, msishangae. Huku Uingereza! Kina mama walitengeneza chai ya vichwa vya mpopi, yaani afyuni, kutuliza homa.

Wakubwa waliitazama nchi hiyo wakaona hasara. Mwaka 1630 kabaila mmoja, Earl wa Bedford, alikubali kuikausha, akajiunga na matajiri wenzake 13 waliotia mitaji. Malipo yao yangekuwa ekari 95,000 za ardhi itakayopatikana. Mhandisi alikuwa Mholanzi, Cornelius Vermuyden. Akili yake ilikuwa rahisi kueleza: mito ya hapa inazungukazunguka, tuchimbe mto mpya ulionyooka, maji yafike baharini haraka. Mwaka 1637 wakamaliza mto wa kuchimbwa kwa majembe, urefu kilomita 34, upana mita 21. Mwaka 1651 wakachimba wa pili sambamba nao, na kati ya hiyo miwili wakaacha ukanda wa majani wa kupokea mafuriko. Ukanda huo unafanya kazi mpaka leo. Kila masika ya baridi unafurika, na batamaji weupe wanakuja kutoka Iceland na Urusi kulala hapo. Nimewaona, kelele zao usiku kama kikao cha ukoo kilichoharibika.

Wenyeji hawakuulizwa. Yale maji yaliyoitwa hasara ndiyo yaliyokuwa ghala lao, na ile nyasi ya kiangazi ilikuwa ya wote. Basi walikwenda usiku wakabomoa kingo na kufukia mitaro. Wakapewa jina la Chui wa Fens. Oliver Cromwell, aliyekuja kumpindua mfalme, alikuwa mtu wa maeneo haya, na mwanzoni alisifika kwa kuwatetea. Alipopata nchi mkononi akaiunga mkono kazi hiyo hiyo ya ukaushaji. Tena waliochimba sehemu ya pili walikuwemo mateka wa Kiskoti waliokamatwa katika vita vya Dunbar mwaka 1650, na mateka wa Kiholanzi baada yao. Ninapopita pale na gari la joto huwa nawafikiria, maana baridi ya Januari naijua.

Mwaka 1652 ikatangazwa kwamba kazi imekwisha, wakafanya ibada ya shukrani katika kanisa la Ely. Ngano ikaota. Kila mtu alidhani hadithi imefikia mwisho.

Sasa mdogo wangu, hapa ndipo nakuomba usome polepole. Udongo mweusi wa kinamasi si udongo kama wa kule mlimani. Ni majani na mizizi iliyokufa miaka elfu nyingi, ikashindwa kuoza kwa sababu maji yaliifunika na hewa haikupenya. Unapoyaondoa maji mambo mawili yanatokea. Kwanza unasinyaa, kama sifongo iliyokaushwa. Halafu hewa inaingia, na ule uozo uliosubiri miaka yote unaanza. Udongo unaoza unageuka hewa na kwenda zake, kidogo kidogo kila mwaka, kwa kawaida sentimita moja au mbili. Yaani shamba linashuka. Lilipoanza kushuka, mito, ambayo sakafu yake ilikuwa tope zito lisilooza, ilibaki juu. Ndiyo maana nikaiona boti juu ya kichwa changu.

Shamba likiwa chini ya mto maji hayawezi tena kwenda yenyewe, lazima uyainue. Wakajenga vinu vya upepo, mamia kwa mamia, vya kuchota maji na kuyapandisha mtoni. Vikasaidia, ardhi ikakauka zaidi, ikashuka zaidi, vinu vikashindwa. Katika karne ya 19 zikaja injini za mvuke. Moja ya mwaka 1831 bado ipo kijiji cha Stretham, nimekwenda kuitazama, tanuri lake lingeweza kumeza nyumba yetu ya zamani. Zikashusha maji, ardhi nayo ikafuata. Baadaye dizeli, na sasa umeme. Pampu zikizimwa, baada ya muda maji yatarudi mahali pake. Wakulima wanalipa ushuru wa mifereji kila mwaka, na waliolipa kabla yao walikuwa baba zao, babu zao, na babu wa babu zao. Karibu miaka 400 ya kulipia kazi iliyotangazwa imekwisha.

Mahali pa kuyaona haya kwa macho ni Holme, si mbali na kwangu. Karibu na hapo palikuwa na ziwa liitwalo Whittlesey Mere, kubwa kuliko yote kusini mwa Uingereza. Watu walishindana humo kwa mashua kiangazi, na kuteleza juu ya barafu wakati wa baridi. Mwaka 1851 kulikuwa na maonyesho makubwa London, na mtu aitwaye Appold akaonyesha pampu ya namna mpya. Mwaka huo huo ziwa likakaushwa kwa pampu kama hiyo. Samaki walibaki wakirukaruka kwenye tope, watu wakaja na mikokoteni kuwazoa. Katika tope hilo wakaokota chetezo cha fedha cha watawa wa Ramsey, sasa kimewekwa makumbusho London. Mwaka 1852 ukingo ulibomoka ziwa likarudi, wakalipiga pampu tena. Likaondoka moja kwa moja.

Mwenye ardhi pale alijua kwamba udongo utashuka. Akachimbia nguzo chini mpaka kwenye udongo mgumu wa mfinyanzi, na kichwa chake kikawa sawasawa na uso wa ardhi. Nguzo ya chuma iliyopo ni ya miaka hiyo ya mwanzo wa 1850. Miaka kumi tu baadaye ilikuwa imejitokeza karibu mita moja na nusu. Leo imesimama kama mita 4 juu ya ardhi. Nguzo haikupanda. Mimi nilisimama chini yake nikainua mkono, sikufika hata nusu ya kile kilichopotea, huku miguu yangu ikiwa mita 2.75 chini ya usawa wa bahari. Hakuna ardhi iliyo chini zaidi ya hiyo katika Uingereza yote. Mwanangu akaniuliza, baba, udongo ulikwenda wapi? Nikamwonyesha juu, hewani.

Sehemu nyingine huchukuliwa na upepo. Mwezi wa nne mashamba yakiwa yamelimwa na makavu, upepo ukivuma mchana unakuwa giza, vumbi jeusi linaingia mpaka kwenye sukari, na mbegu zinaondoka nalo. Barabara zinapanda na kushuka kama mawimbi, nyumba nyingine zimeinama.

Kazini ninamhudumia mzee mmoja aliyezaliwa huku. Mwaka 1947 alikuwa na miaka kumi. Theluji ya miezi iliyeyuka kwa pamoja mwezi wa tatu, mvua na dhoruba juu yake, kingo zikapasuka usiku. Anasema walimtoa babu yake kwa dirisha la juu, na kilichomliza yeye ni nguruwe. Baada ya mafuriko hayo serikali ilichimba mifereji mingine mikubwa iliyokamilika mwaka 1964, na wazo lake lilikuwa lile lile alilowahi kulipendekeza Vermuyden katika karne ya 17.

Sitaki niwadanganye kwamba ilikuwa hasara tupu. Karibu nusu ya ardhi ya daraja la kwanza kwa kilimo England iko hapa. Liki zile zilinilipia nauli ya kuja kumzika baba. Lakini kinamasi cha asili hakijabaki hata asilimia moja. Kipande cha Wicken kilianza kununuliwa mwaka 1899 ili kihifadhiwe, Woodwalton mwaka 1910, na tangu 2001 kuna mpango uitwao Great Fen wa kununua mashamba kati ya Woodwalton na Holme na kuyarudishia maji, jumla hekta 3,700. Wanajaribu hata kulima mimea inayopenda maji, kama aina ya matete, udongo ukiwa umelowa. Nilicheka niliposikia. Wazungu wamezunguka miaka 400 wakafika kwenye kinyungu!

Maana bibi alifanya nini? Aliinua matuta, akaacha vifereji vifupi kati yake, maji yakasimama humo. Mahindi mabichi mwezi wa kumi na mbili, maharage, viazi, wakati mlimani pamekauka. Hakuwahi kuyatoa maji yote. Najua kuna sheria ya mazingira ya 2004 ya kukaa mita 60 kutoka mtoni na imewabana wengi wenye vinyungu, hilo mkaulize vizuri kijijini kabla ya jembe lolote. Na najua pia kwamba Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi tangu 1993, na kila mtu akamnyoshea kidole mwenzake.

Mdogo wangu, unakumbuka ule moto wa bondeni tulipokuwa wadogo, mzee alipochoma majani na ardhi ikafuka chini kwa chini karibu wiki nzima? Kinachoungua vile ni udongo wa namna hii hii. Halafu parachichi lenyewe halipendi miguu yake kulowa, utachimba kila mwaka. Lipeleke kule juu kwenye mteremko, shamba la mibuni ya zamani. Miche na mpira wa kumwagilia nitalipa mimi.

Na kama bado hujaamini, fanya hivi. Nunua bomba la chuma la futi kumi na mbili, nitakutumia hela yake Ijumaa. Lipigilie katikati ya kinyungu mpaka ligonge udongo mgumu, ulikate sawasawa na ardhi. Chimba kamfereji kadogo pembeni, si katikati. Masika ijayo pima limetokeza kiasi gani, unipigie picha na rula ikionekana.

Msalimieni mama. Mwambieni dawa ya magoti nimempa mtu anayekuja mwezi ujao.