Kulipia Nyongeza Kabla Haijatoka: Desturi Iliyozaliwa na Maboksi

Tarehe 10 Machi 2014 kampuni ya Blizzard ya Marekani ilianza kupokea malipo ya Warlords of Draenor, nyongeza ya tano ya mchezo wake wa mtandaoni, World of Warcraft. Nyongeza yenyewe ilikuwa bado jikoni. Tarehe ya kutoka haikutajwa. Mnunuzi aliambiwa tu kwamba isingevuka tarehe 20 Desemba mwaka huo. Bei ilikuwa dola 50 kasoro senti moja. Alichopewa papo hapo ni kibali cha kumpandisha mhusika wake mmoja hadi ngazi ya 90, ngazi ya juu kabisa wakati ule, bila kuitolea jasho.

Ukilitazama kwa makini, jambo hili linashangaza. Nyongeza ya mchezo wa mtandaoni siku hizi inapakuliwa. Haiishi dukani, haiozi ghalani, na mnunuzi wa milioni moja anaipata ileile aliyoipata wa kwanza. Kwa nini basi mtu atoe pesa miezi minane mapema? Jibu limo katika historia, na historia hiyo inaanzia kwenye maboksi.

Katika miaka ya 1990 mchezo wa kompyuta ulikuwa kitu cha kushika mkononi: diski, kijitabu cha maelekezo na boksi la karatasi ngumu. Mwenye duka aliagiza maboksi kwa msambazaji bila kujua wateja watakuwa wangapi. Akiagiza machache, wateja wanakwenda kwa jirani. Akizidisha, mtaji unalala rafuni. Arbuni ikalitatua tatizo hilo. Mteja aliacha dola chache na jina lake kaunta, muuzaji akapata hesabu ya kuaminika, na siku ya siku boksi likawa linamsubiri mwenyewe. Pande zote mbili zilifaidika. Lawama nitakazozitoa huko mbele haziihusu desturi hiyo ya awali, iliyokuwa biashara ya haki.

Michezo ya mtandaoni ilipozaliwa iliikuta desturi hiyo na kuirithi. Ultima Online, uliofunguliwa Septemba 1997, ulipata nyongeza yake ya kwanza, The Second Age, mwaka 1998. EverQuest ukafuata Machi 1999, na Aprili 2000 ukatoa The Ruins of Kunark: bara zima jipya, kabila jipya la watu-mijusi ambalo mchezaji angeweza kulichagua, na ngazi ya juu iliyopanda kutoka 50 hadi 60. Mchezaji alikuwa ameshanunua mchezo wenyewe na alikuwa akilipa ada kila mwezi. Nyongeza ilikuwa malipo ya tatu juu ya hayo mawili.

Hapo ndipo presha ilipoanza. Mchezo unaocheza peke yako, ukichelewa kuununua hata mwaka mzima, hakuna anayejua. Mchezo wa maelfu ya watu ni habari nyingine: wenzako wakihamia bara jipya, unabaki kwenye miji iliyohamwa, huna wa kushirikiana naye. Kuchelewa ni kuachwa.

Hakuna nyongeza iliyolionyesha hilo waziwazi kama The Burning Crusade, ya kwanza ya World of Warcraft. Ilitarajiwa kuelekea sikukuu za mwisho wa 2006, ikasogezwa, ikatoka tarehe 16 Januari 2007. Maduka ya Ulaya na Marekani yalifunguliwa saa sita usiku kwa ajili yake, na nakala karibu milioni 2.4 ziliuzwa ndani ya saa 24. Ngazi ya juu ilitoka 60 ikawa 70. Watu waliokuwa wamekesha miezi kwa miezi, kundi la watu 40 likipambana na zimwi mmoja ili mmoja wao apate upanga, waligundua kwamba silaha za kawaida zilizookotwa katika saa za mwanzo za nchi mpya ya Outland mara nyingi zililingana na upanga ule au kuupita. Aliyekosa boksi usiku ule aliamka asubuhi akiwa nyuma ya wenzake. Kwa mazingira hayo, kuweka arbuni ilikuwa akili.

Kisha maboksi yakaanza kutoweka. Nyongeza ya Cataclysm, Desemba 2010, iliuzwa madukani na pia moja kwa moja kwa njia ya intaneti. Taratibu sababu ya arbuni ikafa: hakukuwa tena na rafu ya kuisha. Kwa maoni yangu, desturi hii ingestahili kuzikwa hapo. Lakini kampuni zilikuwa zimeshaonja utamu wa kupokea pesa kabla ya kukabidhi kazi, zikaanza kutengeneza sababu mpya: mnyama wa kupanda asiyepatikana kwingine, vazi la heshima, jina la sifa juu ya kichwa cha mhusika, kibali cha kuruka ngazi. Uhaba wa kweli ukaondoka, wa kubuni ukakalia kiti chake.

Warlords of Draenor ilipotoka tarehe 13 Novemba 2014, seva zilizidiwa. Kulikuwa na mashambulizi ya mtandaoni dhidi yazo, na foleni za kuingia zikawa ndefu mno, hata Blizzard ikawapa wateja siku 5 za ziada bila malipo. Nakala zaidi ya milioni 3.3 ziliuzwa siku ya kwanza na idadi ya wanachama ikapanda kupita milioni 10. Halafu watu wakamaliza yaliyokuwemo. Sasisho kubwa la kwanza, Februari 2015, lilikumbukwa zaidi kwa kamera ya selfie kuliko kwa jambo jingine lolote. Kufikia mwisho wa Machi wanachama walikuwa milioni 7.1, na mwisho wa Juni milioni 5.6. Aliyelipa Machi 2014 alikuwa amenunua mbuzi kwenye gunia.

Mwaka uliofuata ukaleta kisa kinachonigusa zaidi, kwa sababu walioumia ni wateja waaminifu. Juni 2015 kampuni ya ArenaNet ilifungua malipo ya mapema ya Heart of Thorns, nyongeza ya kwanza ya Guild Wars 2, kwa dola 50 kasoro senti moja. Tarehe ya kutoka haikuwa imetangazwa. Ndani ya bei hiyo mlikuwa na mchezo wa awali pia. Mgeni alipata vyote viwili. Mchezaji wa tangu 2012, aliyekuwa na mchezo wake tayari, alilipa bei ileile na hakupata hata nafasi ya ziada ya kutengenezea mhusika wa fani mpya iliyokuwa ikitangazwa. Malalamiko yalikuwa makali, na ndani ya siku chache kampuni ikakubali kuwapa wakongwe nafasi hiyo bure, na kuwarudishia pesa walionunua mchezo wa awali siku za karibuni. Wateja walishinda kwa sababu walisema kabla mzigo haujakabidhiwa na wakati kampuni bado inahitaji pesa za wengine. Mwisho wa Agosti mchezo wa awali ukafanywa bure kwa kila mtu.

Kuna waliotenda kiungwana. Mchezo wa Final Fantasy XIV ulianza vibaya mwaka 2010, ukazimwa Novemba 2012, ukazaliwa upya Agosti 2013 chini ya mtayarishaji Naoki Yoshida. Nyongeza yake ya Endwalker ilipangwa Novemba 2021. Wiki mbili kabla, Yoshida alijitokeza kwenye matangazo ya moja kwa moja, akaomba radhi huku machozi yakimlenga, akaisogeza kwa wiki mbili. Waliolipia mapema waliruhusiwa kuingia tarehe 3 Desemba, siku nne kabla ya wengine.

Kuingia kwenyewe kukawa kazi. Upungufu wa chipu duniani ulizuia kununua seva za kutosha, wakati wachezaji wapya walikuwa wamefurika tangu katikati ya mwaka. Foleni za kila kundi la seva ziliwekewa kikomo cha watu 17,000. Kikipitwa, kosa namba 2002 likatokea kwenye skrini na mtu akatupwa nje. Wapo waliorudi kutoka kazini, wakaketi mbele ya namba inayopungua polepole, wakalala kabla haijafika sifuri. Fadhila ya kulipa mapema ikawa ni kupanga foleni mapema. Kampuni ya Final Fantasy XIV ilitoa siku 7 za bure, ikaongeza 14, kisha ikasimamisha kabisa kuuza mchezo huo katikati ya Desemba hadi tarehe 25 Januari 2022. Kukataa pesa za wateja wapya wiki moja kabla ya Krismasi si jambo jepesi kwa mfanyabiashara, na naiheshimu hatua hiyo. Lakini hata uungwana huo haukumrudishia mtu usiku aliokaa foleni.

Siku hizi kinachouzwa mapema ni muda wenyewe. The War Within, nyongeza ya World of Warcraft ya 2024, ilifunguliwa kwa wote tarehe 26 Agosti. Walionunua toleo la bei ya juu kabisa waliingia tarehe 22. Tumezunguka tukarudi kwenye hofu ileile ya 2007, ya kuachwa nyuma na wenzako, ila safari hii muuzaji ndiye anayeitengeneza na kuitoza bei. Hili ndilo ninaloliona baya kuliko yote, kwani linatumia urafiki wa watu kama ndoano.

Ulinzi upo, japo si kwa kila duka. Duka la mtandaoni la Steam tangu Juni 2015 linaruhusu kufuta malipo ya mapema wakati wowote kabla ya kutoka, na baada ya hapo kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 kama hujacheza saa 2. Aprili 2024 likafafanua kwamba saa ulizocheza wakati wa kuingia mapema nazo zinahesabiwa. Maduka ya kampuni zenyewe yana masharti yao, na inafaa kuyasoma kabla ya kuingiza namba ya kadi.

Ukiniuliza, usilipe mapema. Ngoja wiki mbili baada ya seva kufunguliwa, sikiliza waliomo wanasemaje kuhusu foleni na kama kuna cha kufanya baada ya ngazi ya juu. Kama kundi lako limekubaliana kuingia pamoja siku ya kwanza, lipa asubuhi ya siku hiyo; nyongeza ya kupakua bado itakuwepo, kwa bei ileile.