Jinzi Ilizaliwa Mikononi mwa Fundi

Wengi huiona jinzi kuwa zao la kiwanda, na fundi anayeitia kiraka kuwa mtu wa pembeni katika habari zake. Historia yasema kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, Jacob Davis, mshonaji mzaliwa wa Riga aliyehamia Reno, jimbo la Nevada nchini Marekani, aliombwa na mke wa mkata kuni amshonee mumewe suruali isiyochanika upesi. Davis alishona pia mahema na mablanketi ya farasi, na alizoea kukaza kazi hizo kwa ribiti za shaba. Akazigongomea kwenye pembe za mifuko ya suruali hiyo, pale nguo inapoanza kuachia. Wateja wakamjia kwa wingi. Kwa kuwa hakuwa na fedha za hataza, akamwandikia Levi Strauss wa San Francisco, aliyekuwa akimuuzia vitambaa, na tarehe 20 Mei 1873 wakapewa hataza namba 139,121. Hata baadaye, nguo hiyo iliendelea kurekebishwa kwa malalamiko ya wavaaji: mwaka 1937 ribiti za mifuko ya nyuma zilifunikwa kwa kitambaa kwa sababu zilikwaruza viti na matandiko ya farasi.

Mafundi wa masoko ya Gikomba, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam, wanaorekebisha jinzi za mitumba, wamo katika ukoo huo huo wa Davis. Kazi yao yataka ujuzi wa kitambaa chenyewe. Nyuzi za mtande, zile za urefu, hutiwa nili; mshindio, ule wa upana, huachwa mweupe. Tena nili hushika juu ya uzi bila kufika kiini, ndiyo maana goti huchujuka kabla ya kutoboka. Mtande ukikatika, nyuzi nyeupe hubaki zimekingama. Fundi hodari hazikati: huweka kiraka kwa ndani, kisha hupitisha cherehani kwenda na kurudi kufuata mtande, hata tundu likafumbwa. Kiuno hukipunguza kwa kufumua mshono wa nyuma, ili mifuko ya ubavuni isipotoke.

Wapo wasemao kumsifu fundi huyu ni kutetea mitumba inayoua viwanda vyetu. Hoja ya viwanda ni nzito. Ndiyo iliyowafanya wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 kuazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Lakini hata nguo zote zikifumwa hapa kwetu, magoti yatachakaa na miili itabadilika. Wengine husema kiraka ni alama ya ufukara, na nguo mpya ni rahisi. Urahisi huo ni wa siku ya kununua tu. Suruali inayotupwa baada ya miezi michache humrudisha mwenyewe dukani kulipa tena, ilhali iliyotengenezwa vizuri huendelea kuvaliwa. Basi vyuo vyetu vya ufundi vifundishe kutengeneza nguo kuukuu kwa uzito ule ule wa kushona mpya, nasi tumlipe fundi ujira unaolingana na ujuzi wake.