Umeme wa Unguja na pawa saplai ya kompyuta ya michezo

Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, hukumbukwa kama jengo la kwanza Zanzibar kuwaka taa za umeme. Kwa miongo mingi Unguja ilizalisha umeme wake yenyewe kwa majenereta. Mwaka 1980 ikaunganishwa na gridi ya Bara kwa waya wa megawati 45, uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba.

Waya huo mmoja ulibeba kisiwa kizima, na hilo lilikuwa hatari kubwa. Mei 2008 umeme ulikatika kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, samaki wakaoza, na vichochoro vya Mji Mkongwe vikajaa ngurumo za majenereta. Waya mpya wa megawati 100, uliogharamiwa na Marekani, ulianza kazi mwaka 2013.

Historia hiyo ya umeme usiotegemeka inaelekeza namna ya kuchagua pawa saplai ya kompyuta ya michezo. Hujumlishwa kwanza wati za kadi ya picha na prosesa, kisha huongezwa akiba ya kama theluthi. Pawa saplai inayopokea volti 100 hadi 240 huvumilia zaidi umeme unaoshuka kuliko iliyofungwa kwenye 230 pekee. Kapasita zake ziwe za kuhimili joto la nyuzi 105 za Selsiasi, kwani joto la pwani huzichosha mapema. Pawa saplai rahisi isiyo na kinga ni hasara: ikiungua, huweza kuondoka na kadi ya picha.