Manyani wa Adili

Msomaji aliyelelewa na hekaya zetu za zamani hahitaji kuonyeshwa mwovu kwa kidole. Jina limekwisha kumshitaki. Ndivyo alivyofanya Shaaban Robert katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952. Ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Basi wanapomtosa baharini ndugu aliyewafadhili, kwa kumwonea wivu juu ya Mwelekevu, hakuna msomaji anayeshangaa.

Lakini hatukutani nao kwanza baharini. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, amefika Janibu kudai kodi iliyochelewa. Usiku anamchungulia mtawala Adili akiwachapa manyani wawili kwa mjeledi, kisha akilia, kisha akiwalisha kwa upole. Hasira yetu ya awali inamwangukia mwenye mjeledi. Ni baadaye tu tunapoelezwa kwamba manyani wale ni nduguze, waliogeuzwa na jini Huria, na kwamba Adili anawachapa kwa amri asiyoweza kuikataa. Tumekwisha kuwahurumia kabla ya kuijua hatia yao, na huruma, kama maji, ikimwagika haizoleki.

Mpangilio huo Shaaban Robert hakuubuni. Katika Alfu Lela u Lela imo hadithi ya Abdallah bin Fadhil, mtawala wa Basra, na nduguze wawili waliogeuzwa mbwa. Kwa maoni yangu, ustadi wa mwandishi wetu uko mwishoni. Katika hadithi ya Kiarabu, ndugu wale wakirudishiwa ubinadamu wanarudia uovu: wanajaribu tena kumwua ndugu yao, na wananyongwa. Hasidi na Mwivu wa Kiswahili wanatubu.

Badiliko hili si dogo. Jina la majazi ni ahadi kwamba mtu hatabadilika. Mtu akiitwa Hasidi, husuda ndiyo nafsi yake. Toba inaivunja ahadi hiyo. Mwandishi aliyeshika mno maadili, hata wengine wakamlaumu kwa kuchora watu weupe pepe au weusi tititi, ndiye aliyetuachia mtu mwema mwenye jina baya. Nasi tunaendelea kumwita Hasidi.

Waandishi waliofuata walianza kuyaacha majina ya namna hiyo. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliyopata kupigwa marufuku shuleni, Zakaria ni baba mlevi anayempiga bintiye vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Jina lake halituambii lolote. Rosa naye amepewa jina la sifa ya Bikira Maria, na maisha yake yanakwenda kinyume nalo. Hapa hakuna jini wa kutoa adhabu wala mfalme wa kuombea msamaha. Msomaji anaachiwa mizani mikononi: apime ni kiasi gani cha maangamizi ya Rosa kilianzia katika kipigo cha baba aliyedhani kwamba anamlinda mwanawe, na ni kiasi gani ni chaguo la Rosa mwenyewe.

Nimeisoma riwaya hiyo mara tatu, na kila mara mizani yangu imelalia upande mwingine.