Kikokotoo na Elimu ya Mirathi

Vijana wengi wa Mwanza siku hizi wanajifunza kuandika programu za kompyuta, na zoezi apewalo mara nyingi anayeanza ni kikokotoo: vitufe kumi vya tarakimu, matendo manne, alama ya sawasawa na kidirisha cha jibu. Wazee wanaodhani jambo hili ni geni kwetu tunawakumbusha kuwa mpango wa hatua za kufikia jibu, ambao ndio msingi wa kila programu, huitwa algorithimu, na neno hilo limetokana na jina la mtu: Muhammad bin Musa Al-Khawarizmi, mwanachuoni wa Baghdad zama za Khalifa Al-Ma'mun (813-833). Jina lake liligeuka hivyo katika tafsiri za Kilatini za kitabu chake cha hesabu za Kihindi.

Ama kitabu chake cha Al-Jabr, wengi hukisifu bila ya kukifungua. Karibu nusu yake ni masuala ya wasia na mirathi. Maiti ameacha mali, warithi wanangoja. Hiyo ni miongoni mwa haja zilizoikuza elimu hii.

Basi kijana wetu akimaliza kikokotoo chake, na akijaribu cha mirathi. Tuseme mvuvi wa Igombe amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mtumbwi, injini na nyavu vimeuzwa, na baada ya gharama za maziko, deni la injini na wasia, zimebaki shilingi 2,700,000. (Utaratibu huo ni wa lazima. Kikokotoo kisichojua kuwa kuzidisha hutangulia kujumlisha hutoa 20 kwa 2+3×4 badala ya 14, na anayegawa mali kabla ya kulipa deni amekosea namna hiyohiyo.)

Programu ya haraka itampa mke thumuni, 337,500. Mabinti thuluthi mbili, 1,800,000. Na kila mzazi sudusi, 450,000. Jumla ni 3,037,500! Fedha hizo hazipo, na atakayelipwa mwisho ndiye atakayedhulumiwa.

Mafaradhi kuzidi mali ni jambo lililowafika Masahaba. Katika ukhalifa wa Umar (r.a.), 634-644, lilipofika suala la namna hii aliwashauri wenzake, ikapitishwa 'awl: kila mrithi apunguziwe kwa kadiri ya fungu lake, kama wadai wanaogawana mali isiyotosha. Na suala la mvuvi wetu ndilo Al-Mimbariyya, ambalo Ali (r.a.) anasimuliwa kulijibu akiwa juu ya mimbari: thumuni ya mke imekuwa tusui. Asili ya mas'ala ni 24. Mafungu ni 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Hivyo mke apate 300,000, mabinti 1,600,000, na kila mzazi 400,000. Ibn Abbas (r.a.) hakuikubali 'awl, na Ithnaashari, ambao Mwanza wapo, hawaitumii, madhehebu manne yanaitumia. Kwa hiyo programu haina budi kuuliza kwanza marehemu alikuwa wa madhehebu gani.

Angalia pia kuwa wanachuoni hao hawakutumia desimali hata moja. Kompyuta huhifadhi namba kwa 0 na 1 tu, na katika mfumo huo sehemu ya kumi haina mwisho, ndiyo maana lugha ya Python ikiulizwa 0.1+0.2 hujibu 0.30000000000000004. Mafaradhi hushika asili na mafungu kwa namba kamili, kisha hugawa mara moja tu mwishoni. Neno asili, ambalo watoto wetu husoma shuleni kuwa namba ya chini ya sehemu, ni lilelile asl la wanachuoni wa mirathi.

Kijana na aipime programu yake kwa Al-Mimbariyya. Ikimpa mke 337,500, arudi kuiandika upya kabla hajaipeleka kwa familia yoyote iliyofiwa.