Uchambuzi wa mifumo ya umeme viwandani

Uchambuzi wa mifumo ya umeme viwandani ni mahesabu ya kihandisi yanayoonyesha umeme wa kiwanda utakavyokuwa siku ya kawaida na siku ya hitilafu: mkondo utapanda kiasi gani, breka ipi itakata kwanza, na fundi aliyesimama mbele ya kabati la umeme ataungua au atasalimika. Hufanywa kabla kiwanda hakijajengwa, na hurudiwa kila mfumo unapobadilishwa.

Kazi huanza na mchoro wa mstari mmoja, unaofuata njia ya umeme kutoka laini ya shirika la umeme, ambayo Afrika Mashariki mara nyingi ni ya kilovolti 11 au 33, hadi kwenye transfoma, makabati, kebo na mota. Mchoro ndio unaokula muda. Mahesabu yenyewe siku hizi hufanywa na programu za kompyuta kama ETAP na PowerFactory, nazo hutoa jibu upesi. Kilicho kigumu ni kuzunguka kiwanda kizima kusoma bamba la kila transfoma, kupima urefu wa kebo na kuandika jinsi kila breka ilivyosetiwa. Programu haina habari kwamba breka iliyochorwa ilishabadilishwa na fundi wa zamu.

Hesabu ya kwanza ni ya mkondo wa shoti. Chukua transfoma ya kVA 1,000 inayoshusha umeme kutoka volti 11,000 hadi 400, yenye impidansi ya asilimia 5. Ikibeba mzigo wake wote, mkondo ni takriban ampea 1,443. Gawanya kwa 0.05: nyaya zikigusana mlangoni pa transfoma, mkondo hufika karibu ampea 28,900. Mota zinazozunguka huongeza zaidi, kwani kwa muda mfupi hugeuka jenereta na kulisha shoti hiyo hiyo. Breka iliyotengenezwa kukata ampea 25,000 tu inaweza kupasuka hapo badala ya kukata. Viwanda vinavyopanuka hujiingiza katika hatari hii kimyakimya: transfoma ya kVA 500 inatolewa, inawekwa kubwa zaidi, na kabati la zamani linabaki palepale kwa sababu bado linafanya kazi.

Nchi nyingi hukokotoa mkondo huu kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60909. Kwa hitilafu zisizogusa fezi zote tatu kwa usawa, wahandisi bado hutumia njia iliyotolewa na Charles Fortescue nchini Marekani mwaka 1918.

Hesabu ya pili ni ya mpangilio wa kinga. Mota moja ikipiga shoti, inayotakiwa kukata ni breka ya mota hiyo, si swichi kuu inayozima kiwanda kizima. Kwa hiyo rilei, yaani vifaa vinavyoamuru breka kukata, hupangwa kwa ngazi, kila moja ikingoja takriban sekunde 0.3 hadi 0.4 zaidi ya iliyo chini yake. Kiwanda chenye ngazi nne kinaweza kuwa na swichi kuu inayosubiri zaidi ya sekunde moja.

Sekunde hiyo moja ndiyo inayounguza watu. Mwaka 1982 mhandisi wa Marekani Ralph Lee alichapisha makala iliyoonyesha kwamba hatari ya umeme haiishii kwenye kupigwa shoti: mwali unaoruka hewani kati ya vyuma viwili, ambao joto lake linaweza kukaribia nyuzi 20,000 za Selsiasi, humuunguza hata asiyegusa kitu. Kiwango cha IEEE 1584, kilichotolewa mwaka 2002 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018, hutoa njia ya kukokotoa nishati ya mwali huo. Mpaka unaotumika ni kalori 1.2 kwa sentimita ya mraba. Kuanzia hapo ngozi isiyokingwa hupata majeraha ya moto ya daraja la pili.

Nishati hiyo hukua kadiri muda unavyokwenda. Mwali uleule ukikatwa kwa sekunde 0.1 badala ya 0.5, fundi hupata sehemu moja kwa tano tu. Isitoshe, kwenye volti 400 mkondo wa mwali huwa mdogo kuliko wa shoti kamili, hivyo rilei inaweza kuuona kama hitilafu ndogo na kusubiri zaidi. Mpangilio wa kinga unadai subira, usalama wa fundi unadai haraka. Ripoti mbili, moja ya kinga na moja ya mwali, zilizoandikwa na watu wawili wasiozungumza ni nusu ya kazi. Mvutano huu hupunguzwa kwa rilei zinazopashana habari, kwa vihisi vinavyoona mwanga wa mwali, au kwa swichi ya matengenezo inayoondoa ucheleweshaji wakati watu wapo kazini.

Uchambuzi mwingine hupima mtiririko wa mzigo, kushuka kwa volteji mota kubwa inapowashwa (huvuta mara 5 hadi 7 ya mkondo wake), uchafuzi wa mawimbi unaoletwa na vidhibiti vya kasi, na uimara wa ethi.

Sheria za usalama kazini za Tanzania (2003) na Kenya (2007) humtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi. Kiwango cha Marekani cha NFPA 70E hutaka hesabu ya mwali ipitiwe upya angalau kila miaka 5. Lebo ya onyo iliyobandikwa kwenye kabati kabla ya transfoma kubadilishwa haifai kutegemewa: hadi hesabu irudiwe, kabati hilo lifunguliwe umeme ukiwa umezimwa, swichi imefungwa kufuli, na fundi amepima kuhakikisha.