Kutoka Kikuba hadi Chupa: Historia ya Manukato na Mafuta Tete katika Kisiwa cha Unguja

Utangulizi

Barabara itokayo Mji wa Zanzibar kuelekea hoteli za pwani ya mashariki hupita katikati ya msitu wa Jozani, ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Wageni wengi husimama hapo kumtazama kima punju, kisha huendelea na safari yao hadi kwenye hoteli ambazo, miongoni mwa huduma zake, huwakanda wageni kwa mafuta ya kunukia. Chupa ndogo za mafuta ya karafuu, mchaichai, mdalasini na langilangi huuzwa hotelini, katika maduka ya Mji Mkongwe na katika mashamba ya viungo. Mnunuzi huambiwa, au huachwa aamini, kwamba Wazanzibari wameyatumia mafuta hayo kwa tiba tangu enzi na enzi.

Insha hii inaichunguza kauli hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba kauli hiyo ina ukweli nusu, na kwamba nusu iliyopotoshwa ina madhara. Unguja ina historia ndefu ya manukato, lakini kwa sehemu kubwa ya historia hiyo manukato ya nyumbani hayakuwa mafuta yaliyokenekwa. Yalikuwa maua mabichi, moshi, unga na mafuta ya kupaka yaliyotiwa harufu. Mafuta ya chupa yana historia yake nyingine, ambayo ni historia ya biashara ya nje na viwanda. Kuziunganisha historia hizi mbili bila uangalifu ni kuwapokonya wenye maarifa ya kwanza haki yao, na pia ni kumpa mtumiaji wa leo uhakika wa usalama usio na msingi.

Maana ya istilahi

Ni vyema kwanza kutofautisha aina mbili za mafuta. Mafuta mazito, kama ya nazi na ufuta, hukamuliwa kutoka katika mbegu au nyama ya tunda, na yakidondoka katika karatasi huacha doa la kudumu. Mafuta tete ni yale yanayobeba harufu ya mmea na kuruka hewani yakiachwa wazi. Kwa kawaida hupatikana kwa kukeneka: mvuke wa maji hupitishwa katika majani, maua au vikonyo, huchukua chembe za harufu, kisha hupozwa katika bomba na kurudi kuwa kimiminika. Mafuta mengi ya aina hii huelea juu ya maji yaliyotoneshwa. Ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo huzama.

Msitu wa Jozani wenyewe unatoa mifano inayofaa. Katika sehemu yake yenye maji mengi umestawi mtondoo, ambao mbegu zake zina mafuta mazito. Katika nchi kadhaa zinazopakana na Bahari ya Hindi mafuta ya mtondoo yalitumika kwa taa na kwa ngozi, na leo yanauzwa ulimwenguni kwa jina la tamanu, yakitumiwa na wakandaji kuchanganyia mafuta tete. Hata hivyo, mafuta ya mtondoo si mafuta tete. Katika msitu huohuo hukua pia mikadi ya porini. Jamaa zake wa pwani wenye maua ya kunukia wanajulikana sana kwa wanawake wa Uswahilini, na ni kupitia ua hilo ndipo tofauti ya msingi wa insha hii inapoonekana wazi.

Ua moja, njia mbili

Huko Ganjam, katika jimbo la Odisha nchini India, maua ya mkadi huchumwa kwa wingi na kukenekwa ili kupata maji na mafuta yanayoitwa kewra. Unguja ua lilelile halikwenda kwenye mtungi wa moto. Lilikatwakatwa na kuchanganywa na asumini, mrihani na mawaridi, likafungwa kuwa kikuba na kuvaliwa kifuani au kuchomekwa katika nywele. Kikuba hudumu kwa usiku mmoja au siku chache, kisha hutupwa na kufungwa kingine. Hakihifadhiwi ghalani wala hakisafirishwi.

Mlangilangi unasimulia habari kama hiyo. Mti huu ulitoka Kusini-Mashariki mwa Asia na ukaenea katika visiwa vya magharibi ya Bahari ya Hindi. Katika visiwa vya Komoro, ambavyo watu wake wana udugu wa miaka mingi na Wazanzibari, ukoloni wa Kifaransa uliugeuza kuwa zao la viwanda. Kampuni ya Bambao ya huko Nzuani ilikuwa na mashamba makubwa na mitambo ya kukeneka, na mafuta yake yalikwenda kwa watengenezaji wa manukato wa Grasse, Ufaransa. Unguja, maua ya langilangi yalibaki katika nywele, katika vikuba na juu ya kitanda cha bibi harusi.

Mfano wa tatu ni mawaridi. Katika milima ya Jebel Akhdar nchini Oman, familia zimekuwa zikikeneka maji ya mawaridi kwa vyungu vya udongo kwa vizazi vingi. Zanzibar, iliyotawaliwa na ukoo wa Kiomani na kufanywa na Sayyid Said makao yake makuu kufikia mwaka 1840, iliyapokea marashi hayo kwa majahazi ya kaskazini. Yalitiwa katika mrashi na kunyunyiziwa wageni katika maulidi na harusi, na hunyunyiziwa hivyo hadi leo. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba watu wa Unguja hawakujua kuwapo kwa vitu vilivyokenekwa. Walivijua na walivinunua. Katika mgawanyo wa kazi wa bahari hii, marashi, udi na ubani vilitoka ng'ambo, na Unguja ilikuwa na ustadi wake wa kuchanganya, kufukiza na kupaka.

Elimu ya manukato ya nyumbani

Ustadi huo haukuwa mdogo. Nguo ziliwekwa juu ya tenga ambalo chini yake paliwekwa chetezo chenye makaa na udi, ili moshi uingie katika nyuzi. Liwa ilisagwa jiweni kwa maji na kupakwa mwilini. Singo ilitayarishwa kwa kuchanganya vitu kama msandali, karafuu, maua makavu na marashi, kisha bibi harusi akasuguliwa kwayo kwa siku kadhaa kabla ya harusi. Maua yalilowekwa katika mafuta ya nazi au ya ufuta mpaka mafuta yakachukua harufu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni, aliandika juu ya nafasi ya manukato katika maisha ya nyumba za kifalme katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Hata hivyo, ustadi huu haukuwa wa kasri peke yake. Asumini lilipandwa uani mwa nyumba za kawaida, na karafuu moja iliwekwa kwenye jino linalouma bila kumwita tabibu.

Waliohifadhi elimu hii walikuwa hasa wanawake: bibi, mama, shangazi, na zaidi ya wote somo au kungwi aliyemfunda mwari. Vipimo vyake vilikuwa vya kiganja na pua. Kila hatua ilikuwa na wakati wake, na mwanafunzi alijifunza kwa kutazama na kusahihishwa. Hapa ndipo mtafiti wa historia anapokutana na tatizo la ushahidi. Vitabu vya forodha viliandika udi ulioingia na karafuu zilizotoka, kwa sababu vilitozwa ushuru. Asumini lililochumwa alasiri na kunyauka alfajiri halikupita forodhani. Mtafiti anayetegemea nyaraka peke yake ataiona Zanzibar ya karafuu, asiione Zanzibar ya kikuba.

Karafuu na kiwanda cha makonyo

Historia ya pili, ile ya mafuta ya chupa, inaanzia katika mashamba. Mkarafuu, ambao asili yake ni visiwa vya Maluku, uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na mashamba ya mwanzo yalikuwa Mtoni na Kizimbani. Kazi ya kusafisha ardhi, kupanda na kuchuma ilifanywa na watumwa, na biashara ya utumwa kwa njia ya bahari haikupigwa marufuku hadi mwaka 1873. Mwaka uliotangulia, kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika na ikawa kitovu cha zao hilo. Hali ya kisheria ya utumwa yenyewe iliondolewa mwaka 1897. Maelezo ya kibiashara juu ya mafuta ya karafuu hayana budi kukumbuka kwamba harufu hiyo ilianza kuenea ulimwenguni kwa jasho la watu wasiolipwa.

Kwa muda mrefu thamani ya karafuu ilitambuliwa ng'ambo. Kiini chake ni yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yake. Madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuwa dawa ya kuzibia jino kwa muda, na katika karne ya 19 wanakemia wa Ulaya walipata njia ya kuigeuza kuwa vanilini, yaani harufu ya vanila. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali iliikabidhi biashara ya karafuu kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, lililoundwa mwaka 1968. Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa, kwani sigara zake za kretek hutiwa karafuu. Nchi hiyo ilipopanua mashamba yake na kuanza kujitosheleza, bei ikaporomoka katika miaka ya 1980.

Katika mazingira hayo umuhimu wa Kiwanda cha Makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake, unaeleweka vizuri zaidi. Makonyo ni vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Kuyakeneka kulikuwa njia ya kupata thamani katika mabaki na kuuza nje mafuta pamoja na karafuu kavu. Kiwanda hicho kimeshughulikia pia mimea mingine, kama mchaichai na mkaratusi. Kwa hiyo ukenekaji wa viwandani Zanzibar ni tawi la uchumi wa mauzo ya nje. Haukuzaliwa katika chumba cha somo.

Tiba ya manukato inaporudi kama ngeni

Neno aromatherapia lenyewe lilienezwa na René-Maurice Gattefossé, mwanakemia wa Lyon aliyechapisha kitabu kwa jina hilo mwaka 1937. Baada yake, daktari Jean Valnet aliendeleza fani hiyo nchini Ufaransa. Msingi wake ulikuwa mafuta tete yaliyokenekwa, kwa kuwa tasnia ya manukato ya Ufaransa ilikuwa na mafuta hayo kwa wingi, mengine yakitoka katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Utalii ulipokua Unguja, fani hiyo ilikuja pamoja na hoteli, ikakuta karafuu na langilangi, na ikaeleza ukutanaji huo kama mwendelezo wa mila ya kale.

Kuna madhara mawili. La kwanza ni la haki. Tukisema kwamba mila ni chupa, mwenye mtambo wa kukeneka ndiye anayeonekana kuwa mrithi wa mila, na mwanamke anayefunga vikuba kando ya barabara anabaki kuwa pambo la picha.

La pili ni la usalama, nalo ni zito zaidi. Kauli ya "tangu enzi na enzi" hutumiwa kama ushahidi kwamba mafuta hayana madhara. Lakini kilichojaribiwa na vizazi ni karafuu moja kwenye jino, asumini kwenye nywele na moshi wa udi kwenye nguo. Mafuta ya karafuu yaliyokenekwa yamekoleza mara nyingi kuliko karafuu yenyewe. Yakipakwa bila kuzimuliwa huweza kuunguza ngozi na ufizi, na mtoto mdogo akiyanywa, hata kwa kiasi kidogo, huweza kudhurika ini. Umri wa kikuba hauwezi kuwa dhamana ya chupa.

Hitimisho

Insha hii haikusudii kuyakataa mafuta tete. Kuyakeneka visiwani ni bora kuliko kuuza malighafi peke yake, na nguvu ya yujenoli ya kutuliza maumivu ya jino imethibitishwa. Madai mengine ya tiba yanahitaji kupimwa moja moja kwa vigezo vya kitabibu, wala historia haiwezi kufanya kazi ya maabara. Kinachopendekezwa hapa ni kwamba kila historia isimuliwe kwa jina lake. Lebo ya chupa iseme kwamba ni bidhaa mpya iliyotokana na zao la zamani. Singo, liwa, kikuba na fukizo vitajwe kama elimu kamili yenye wataalamu wake, na watafiti waikusanye kwa masomo na makungwi wenyewe, kwa ridhaa yao na kwa kuwataja wanaotaka kutajwa. Kazi hiyo haina muda mrefu wa kusubiri, kwa sababu elimu inayokaa katika pua na kiganja huondoka na mwenyewe.